Bibi alisema tatu

Nesi alikuja na tableti iliyofungwa kwenye kava ya plastiki, akasimama miguuni pa kitanda, akauliza bila kuinua macho: "Shosho, kutoka sifuri mpaka kumi, uchungu iko ngapi?"

Bibi yangu si shosho. Ni mtu wa Kisauni, Mombasa, na maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Lakini tulikuwa Nairobi, kwenye wodi ya hospitali ambayo sitaitaja, na Nairobi kila mwanamke mzee ni shosho mpaka athibitishe vinginevyo. Akanitazama. Nikamfafanulia: sifuri ni huumwi kabisa, kumi ni maumivu mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria.

"Kumi ni kumi gani?" akauliza.

"Yale mabaya kabisa, Bibi."

Akafikiri. Swali lile alilichukulia kwa uzito kuliko aliyeliuliza. Nesi alikuwa ameshaanza kutazama kitanda kinachofuata, lakini Bibi bado alikuwa anapima. Alizaa watoto saba, akazika wawili, mmoja wao akafia mikononi mwake ndani ya matatu iliyokwama njiani kwenda hospitali. Baadaye aliniambia kwamba hiyo ndiyo kumi yake. Kumi ilikuwa imeshachukuliwa, na kila kitu kingine ilibidi kipangwe chini yake, mbali kidogo, kwa heshima.

"Tatu," akasema.

Nesi akabonyeza tatu, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimekesha kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda hicho. Nilimwona akikunja magoti mpaka yafike kifuani. Nilimwona akiuma pembe ya leso ili asiwaamshe wenzake. Kansa ya kongosho ina tabia ya kuuma tumboni na kutokea mgongoni, na usiku ndio wakati wake. Hiyo haikuwa tatu. Kwa hiyo nikamfuata nesi kwenye korido, nikamwambia, "Sista, samahani. Bibi hakuelewa swali. Amesema nane."

Akafuta tatu. Akaandika nane. Ilimchukua sekunde mbili, labda tatu. Mchana ule ule daktari alipita, akasoma, akabadilisha dawa.

Nilirudi kitandani najiona shujaa. Bibi hakuwa amelala, na korido za hospitali zina mwangwi. "Wanisingizia," akaniambia, taratibu, kwa sauti anayoitumia mtu aliyevunjiwa heshima mbele ya wageni. "Mimi nimesema tatu. Hiyo nane ni yako."

Mwaka na nusu umepita na bado nabishana na sentensi hiyo.

Tuanze na jambo rahisi. Namba ile si mapambo. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya kansa, ukiwa na ngazi ya vidato vitatu: maumivu madogo, dawa za kawaida, ya wastani, dawa nzito kidogo, makali, mofini na jamaa zake. Ukishakuwa na ngazi unahitaji kujua mgonjwa yuko kidato gani, na hapo namba inaingia. Mara nyingi moja hadi tatu huhesabiwa kuwa maumivu madogo, saba kwenda juu makali. Tatu ya Bibi ilikuwa Panadol. Nane yangu ilikuwa mofini. Kati ya hizo mbili kuna usiku mzima wa mtu.

Wazo la kumwuliza kila mgonjwa namba ya maumivu yake, kila mara, lilipata nguvu Marekani miaka ya 1990. Wataalamu wa maumivu waliona watu wanateseka vitandani huku mafaili yao yakionyesha joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu, yote shwari. Wakasema: tuongeze ishara ya tano. Mwaka 1999 mfumo wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa nchi hiyo ukaifanya sera, na kufikia 2001 chombo kinachokagua hospitali za huko kilikuwa kinadai maumivu yapimwe na kuandikwa. Nia ilikuwa njema, na nasema hivyo bila kejeli. Mtu alikuwa anaumia na hakuna aliyekuwa anamwuliza. Sasa lazima aulizwe.

Ila kuna kitu kidogo kilichopitishwa kimyakimya. Zile ishara nne zina vyombo. Joto lina kipimajoto, shinikizo lina ule mkanda unaokubana mkono. Hata mgonjwa akiwa amezimia, au anadanganya, au haelewi lugha, chombo kitasema. Ishara ya tano haina chombo isipokuwa mdomo wa mgonjwa. Ukiiweka kwenye mstari mmoja na zile nne, kwa herufi zile zile, kwenye skrini ile ile, inaanza kufanana nazo. Ni neno la mtu lililovalishwa koti jeupe.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein aliwahi kutoa mfano wa watu ambao kila mmoja ana kisanduku, na ndani yake kuna kitu wanachokiita mdudu. Hakuna anayeweza kuchungulia kisanduku cha mwenzake. Kila mtu anajua mdudu ni nini kwa kutazama wa kwake tu. (Nairobi mfano huu una shida, kwa sababu sote tunajua mdudu wetu ni mende na anatoka kisanduku kimoja kwenda kingine bila kuomba ruhusa.) Wenzetu wa zamani walikuwa na njia fupi ya kusema jambo linalokaribiana na hilo: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa hebu fikiria tumewaambia wale watu wa visanduku: sawa, hatutaki kumwona mdudu, wewe tuambie tu ukubwa wake kwa mizani ya kumi. Kila mmoja atatoa namba. Namba zitaingia kwenye jedwali. Jedwali litapendeza. Na hakuna atakayejua kama saba yako ni kubwa kuliko tatu ya Bibi.

Si kwamba watu hawana lugha ya maumivu. Kiswahili kimejaa. Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Tumbo husokota, koo hukereketa, mbavu hudungwa na kichomi. Kidonda kikimwagiwa spiriti huchonyota, na kile kilichokuwa kinaanza kupona, ukikigonga, unakitonesha. Kila neno hapo linamweleza daktari kitu tofauti, kwa sababu tumbo linalosokota si tumbo linalowaka moto. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha dodoso lenye maneno 78 yaliyopangwa kwenye makundi 20, ili mgonjwa achague maneno badala ya kutoa kiasi peke yake. Alijua kuuliza "ni kiasi gani" tu kunaacha mengi nje. Ni kama mtu akuulize biriani ilikuwaje nawe umjibu, saba.

Na Bibi alikuwa amesema neno. Kabla nesi hajafika alikuwa ameniambia, "Lanikeketa." Siku hizi tumezoea kusikia neno hilo kwenye kampeni dhidi ya ukeketaji, lakini maana yake ya zamani ni pana: kukata kwa kitu butu, polepole, kwa kurudiarudia. Tumbo linalokeketa ni tumbo linalokatwa na kisu kisichokuwa na makali, kisichokuwa na haraka. Ningemwambia nesi hivyo, angeliweka wapi? Tableti ilikuwa na duara kumi na moja, sifuri hadi kumi.

Kuna jambo jingine kwenye Kiswahili chetu ambalo nimeligundua baada ya yote haya. Sisi hatuna maumivu kama mtu anavyokuwa na simu. Kichwa *kinaniuma*. Kiungo ndicho mtendaji, na kitenzi ni kile kile cha mbwa na nyoka. Halafu maumivu hayo tunayasikia. "Nasikia uchungu." Mgonjwa anasikia maumivu, na aliyesimama kando anamsikia mgonjwa. Kitenzi ni kimoja, kana kwamba waliotupa lugha hii walitaka kazi ya pili iwe mwendelezo wa ya kwanza. Kwenye faili la hospitali, ambalo hapa kwetu huandikwa Kiingereza, mambo ni mengine. Pale mgonjwa hasemi kwamba anaumwa, "analalamika". Akisema haumwi, "anakanusha", kama mshukiwa aliyefikishwa Milimani Jumatatu asubuhi.

Elaine Scarry aliandika kitabu kizima kuhusu haya mwaka 1985, *The Body in Pain*. Hoja yake moja hainitoki: kwa anayeumwa, hakuna kitu chenye uhakika kuliko maumivu yake, kwa anayeambiwa, hakuna kitu rahisi kukitilia shaka kuliko hicho. Watu wawili wako chumba kimoja, mmoja hawezi kukana, mwingine hawezi kuthibitisha. Namba inakuja katikati yao kama wakala wa nyumba, kila upande unamlipa na hakuna upande unaomwamini.

Sasa, ukitaka kuona wakala huyo akinunuliwa, rudi Marekani.

Palikuwa na kampuni ya San Francisco, Practice Fusion, iliyotengeneza programu ya rekodi za wagonjwa na kuwapa madaktari bure, faida ikitoka kwenye matangazo. Mwaka 2016 ndani ya programu hiyo kilianza kujitokeza kidokezo. Daktari akiwa na mgonjwa mbele yake, skrini inamkumbusha: andika kiwango cha maumivu, tengeneza mpango wa kuyatibu. Kati ya chaguo zilizoorodheshwa kulikuwa na dawa kali za kundi la afyuni, zile za kufanya kazi kwa saa nyingi. Kidokezo kilionekana kama ushauri wa kitabibu. Mwezi Januari 2020 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 145 kumaliza kesi za jinai na madai, na ikakiri kwamba ilipokea karibu dola milioni moja kutoka kwa kampuni ya dawa ili kidokezo kile kiwepo, huku idara ya masoko ya kampuni hiyo ya dawa ikisaidia kukiunda. Mwezi Novemba mwaka huo huo Purdue Pharma, watengenezaji wa OxyContin, walikiri makosa ya jinai mahakamani, malipo hayo yakiwa sehemu ya kesi.

Nilisoma habari hiyo mara mbili nikidhani nimekosea. Kisanduku kilichowekwa ili mtu anayeumia asikosekane kwenye faili kiligeuzwa kuwa duka. Namba ikipanda, dawa inauzwa. Tayari mwaka 2016 chama cha madaktari wa nchi hiyo kilikuwa kimependekeza maumivu yaache kuitwa ishara ya tano, kwa sababu watu walikuwa wanakufa kwa uraibu, maelfu kwa maelfu, na sehemu ya barabara iliyowafikisha huko ilikuwa imejengwa kwa zile duara sifuri hadi kumi.

Ungedhani basi funzo ni kuachana na namba. Lakini hiyo ni hadithi ya nchi yenye dawa nyingi kupita kiasi. Yetu imepinduliwa. Mwaka 2017 tume ya jarida la *The Lancet* ilihesabu dawa hizi za kundi la mofini zinazosambazwa duniani: takriban tani 298.5 kwa mwaka. Kati ya hizo, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Nimeandika vizuri, si kosa la uchapaji. Kenya haimo kwenye kundi hilo la chini kabisa kwa hesabu za uchumi, lakini mwaka 2010 Human Rights Watch walipochunguza jinsi watoto wetu wanavyotibiwa maumivu, walikuta mofini iko kwenye hospitali chache tu za umma. Jirani zetu Uganda walishapata njia yao: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt Anne Merriman, inachanganya unga wa mofini na maji, dawa ya kunywa, bei ya chini, mgonjwa anaibeba kwenye chupa mpaka kijijini. Kwa hiyo inawezekana. Ila palipo na namba bila chupa, namba inafanya kazi gani?

Swali hilo nilimpelekea rafiki yangu ambaye ni nesi kwenye kaunti moja ya magharibi. Alicheka kwanza.

"Usiku niko na wagonjwa thelathini na wawili. Peke yangu. Sistimu haikubali kuhifadhi mpaka ujaze hiyo sehemu ya uchungu, iko na kanyota kekundu. Kwa hiyo unajaza. Unaweka mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Ukiandika sifuri, asubuhi daktari anakuuliza mbona huyu analia. Ukiandika nane, anakuuliza ulifanya nini, na wewe hukuwa na kitu cha kumpa. Mbili haiulizi mtu."

Mbili haiulizi mtu. Nilinyamaza. Akaona nimeanza kumhukumu, akanigeukia.

"Wewe unaona namba ni mbaya kwa sababu umeshaulizwa. Mimi nilianza kazi na mafaili ya karatasi. Hapo uchungu haukuwa na mahali kabisa. Mgonjwa angelia usiku mzima, asubuhi imeandikwa 'amelala vizuri'. Sa hii angalau kuna kisanduku kinanilazimisha nipite kitandani. Siku nyingine nadanganya, sawa. Siku nyingine nauliza."

Ana haki, na nikiwa mkweli sikuwa nimelifikiria. Mafaili ya kompyuta hatukuletewa juzi na SHA. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilikuwa na mfumo wake mwaka 2001, na kutokana na kazi iliyofanyika Eldoret ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu ambayo sasa inatumika nchi nyingi duniani. Ilisukumwa na Ukimwi: wagonjwa walikuwa wengi mno, karatasi zinapotea, na mtu asiyeonekana kwenye hesabu hapati dawa. Kuhesabiwa kuliokoa watu. Siwezi kukaa kwenye mkahawa Kilimani na latte yangu nikaandika kwamba namba zinaua utu, wakati kizazi cha wazazi wangu kilipona kwa sababu mtu fulani alihesabu.

Na kuna wanaohitaji namba kuliko wengine, yaani wale ambao uso wao hauaminiki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wazungu wa udaktari na madaktari wazungu walio mafunzoni kuhusu miili ya watu weusi. Karibu nusu walikubali angalau imani moja ya uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi, na walioamini hayo walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo zaidi. Kama wewe ndiye huyo mgonjwa, unataka nini? Unataka nane yako iandikwe, kwa maneno yako, mahali ambapo daktari wa zamu ya kesho hawezi kusema hukuisema. Namba hapo ni shahidi.

Hapa nafika kwenye kile ninachokiamini, kwa kiasi ninachokiamini. Tumekosea tulipoiita namba hii kipimo. Ni ushahidi. Hakuna anayemdai shahidi awe sahihi kama kipimajoto. Tunamdai awe mkweli, na sisi tunaosikiliza tunadaiwa kitu pia. Chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, kilipofanyia marekebisho tafsiri yake ya neno maumivu mwaka 2020, kiliandika kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe. Kuheshimu ushahidi si lazima kuuchukua kama ulivyo. Unaweza kumwuliza shahidi zaidi. "Tatu, Bibi? Usiku umelala? Umekula? Kumi yako ni ipi?" Kama nesi angekuwa na dakika nne, hayo ndiyo maswali. Kama *mimi* ningekuwa na akili, hayo ndiyo maswali, kwa sababu dakika nilikuwa nazo, nilikuwa na usiku mzima.

Maana tatu ya Bibi haikuwa kosa la hesabu. Tumelelewa hivyo. Jikaze kisabuni. Kijana wa Kibukusu anasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho na ukoo mzima unamtazama. Mama wodini anaambiwa asipige kelele, si yeye wa kwanza kuzaa. Watu wa namna hiyo ukiwaletea mizani ya kumi, hawakupi kiasi cha maumivu, wanakupa kiasi cha malezi. Bibi aliposema tatu alikuwa anasema: bado niko mtu, bado najiweza, na walio mbele yangu katika foleni ya mateso nawafahamu kwa majina. Yote hayo yalikuwa kweli. Mimi nikayafuta, nikaweka nane.

Utasema, lakini alipata dawa. Ndiyo, na nilijitetea kwa hoja hiyo kwa siku moja kamili. Kesho yake asubuhi daktari alikuja mwenyewe, kijana mpole, akamwuliza. Bibi akajibu kama kawaida, "Tatu." Daktari akatazama skrini, jana nane, leo tatu, akatabasamu. "Vizuri sana. Dawa imefanya kazi." Kipimo cha dawa hakikuongezwa. Usiku ule alikunja magoti tena.

Nilitaka kusema. Ningesema nini? Kwamba ile nane niliitunga? Kwamba tatu ya leo na tatu ya jana ni tatu ile ile? Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja glasi. Uongo wangu ulikuwa umeuchukua ukweli wa Bibi na kuugeuza kuwa ushahidi wa nafuu. Ilichukua siku mbili na shangazi yangu, ambaye haogopi madaktari, kuja kutoka Mombasa na kusema kwa sauti, "Huyu mama halali, na msimwulize namba."

Yule anayeandika mbili ili asiulizwe, na mimi niliyesema nane ili nisikilizwe, tulifanya jambo moja. Tuliongea kwa niaba ya mtu ambaye mdomo wake ulikuwa mzima. Sizilinganishi nia zetu. Ila faili halina safu ya nia.

Kuna kipimo kingine ambacho nimekuja kukifahamu baadaye, kilichoundwa na shirika la African Palliative Care Association kwa ajili ya wagonjwa wa bara hili. Kinatumia sifuri hadi tano na kinauliza kuhusu maumivu kwanza. Halafu kinaendelea: umeweza kumweleza mtu yale unayohisi? Unaona maisha yana thamani? Una amani? Na maswali ya mwisho hayaendi kwa mgonjwa, yanaenda kwa anayemwuguza. Majibu nayo ni namba, najua. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba fomu inaweza kumwuliza mtu kama amepata wa kumsikia, na ningependa kuona swali hilo limewekewa kanyota kekundu.

Bibi tulimrudisha Kisauni, nyumbani kwake, na alifariki huko wiki tatu baadaye. Hospitali ilikuwa imetuchapia faili kwa ajili ya wale ambao wangeendelea kumtibu. Kurasa arobaini na kitu. Nililisoma baada ya matanga, nimeketi barazani na shangazi, nikimtafsiria sehemu alizotaka.

Safu ya maumivu ilikuwa inajirudia: mbili, mbili, tatu, mbili. Nane moja. Tatu. Mbili. Kisha kwenye usiku wa tano pana sifuri, na mimi nakumbuka usiku wa tano, kwa sababu nilikuwa nimeenda nyumbani kulala na nilijilaumu kwa hilo pia. Sifuri. Nikahisi hasira inapanda. Ila chini yake, kwenye sehemu ya maelezo ambayo kurasa zingine zote ilikuwa tupu au imenakiliwa, mtu alikuwa ameandika. Alianza kwa Kiingereza cha hospitali, kisha akakiacha. Aliandika kwamba mgonjwa anakataa kutoa namba. Aliandika: *anasema "lanikeketa"*, akaliweka neno ndani ya alama za kunukuu, kwa Kiswahili, hivyo hivyo. Amempigia daktari simu. Dawa imetolewa saa tisa na dakika kumi. Amekaa naye mpaka saa kumi kasorobo.

Kanyota kekundu kalikuwa kanadai kitu, kwa hiyo aliweka sifuri.

Shangazi akaniomba nimsomee tena. Nikasoma. Akachukua karatasi, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole.

"Na hii nane?"

"Hiyo nilisema mimi."

"Ilikuwa nane kweli?"

Nikamwambia sijui.